Nasaha zetu zinawarudisha maskani

Mjomba wangu, mtumiaji wa unga, yaani heroini, aliwahi kuketishwa kitako na watu tisa. Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, nyumbani kwa dada yake mkubwa, mtaa wa Shella hapa Malindi. Mkeka umetandikwa, birika la kahawa lipo, na kila mmoja wetu amekuja na hotuba yake. Wa kwanza alimkumbusha marehemu baba yao. Wa pili alimweleza moto wa Jahanamu kama mtu aliyeshuka huko akarudi. Mimi, mwenye elimu kidogo na ulimi mrefu, nilimsomesha ini, mapafu na ukimwi, nikazungumza kuliko wote. Kila mmoja wetu alipomaliza, yeye alijibu neno lile lile: "Nimesikia." Akaomba maji. Ilipoadhiniwa magharibi alikuwa keshaondoka, na simu ya mpwa wake imeondoka naye.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kuthibitisha kwamba mjomba hasikii. Siku hizi nakisimulia kwa kutusuta sisi tisa.

Kosa linaanzia kwenye jina. Huduma tunayowapa watu wanaojaribu kuacha unga, pombe au vidonge tunaiita ushauri nasaha. Maneno mawili, na yote mawili ni ya mtu anayesema. Mshauri hushauri, mwenye kunasihi hunasihi. Kwenye jina zima hamna pa kumweka mtu anayesikiliza. Ndiyo maana kijana akishapata cheti chake, akapewa chumba na viti viwili, hujiona amepewa mimbari. Na aliyeketi mbele yake hujua la kufanya mbele ya mimbari: huinamisha kichwa, hungoja dua, huenda zake.

Tena aliyeketi pale ni mtu mzima. Hili Malindi tunalisahau vibaya. Heroini ilituingilia miaka ya 1980, utalii ulipokuwa unashamiri. Kwanza ile ya rangi ya udongo, brauni shuga, ya kuvutwa, na kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikaja nyeupe, na sindano ikaja nayo. Walioanza wakati ule wakiwa na miaka ishirini, waliobaki hai, leo wana hamsini na ushei. Wana wajukuu. Sisi bado tunawaita "vijana wa unga", au tunawaita mateja, neno lililonyofolewa kwa mteja, mnunuzi wa kete za unga, ambalo siku hizi limeongezewa mzaha wa simu: mteja hapatikani kwa sasa. Halafu tunashangaa hapatikani.

Hoja yangu ni kwamba ushauri wenye huruma kwa mtu mzima anayetoka kwenye uraibu ni kazi ya kitaalamu, ina ushahidi wake, na ina ugumu kuliko kukaripia. Wanaoudharau huudhania ni ulaini. Hawajauona ukifanywa.

Tuanze na ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, alikuwa Norwe akizungumza na wenzake wadogo waliokuwa wakihudumia walevi. Wakamwomba awaonyeshe anavyozungumza na mlevi, wao wakijifanya walevi. Kila alipojibu walimkatiza: kwa nini umesema hili, kwa nini hukusema lile? Katika kujieleza akajikuta ametoa kanuni ambazo hakujua anazo, na mwaka 1983 akazichapisha. Kiini chake ni kwamba mtu mwenye uraibu ana nia mbili kifuani, ya kuacha na ya kuendelea. Ukiishika wewe nia ya kuacha ukaanza kuipigia debe, yeye hubakiwa na ile nyingine tu aitetee. Mvuvi wa mshipi analijua hili bila kusoma. Kolekole akianza kwenda, mwachie aende; ukivuta yeye akivuta, utabaki na uzi mkononi.

Mwaka 1993 Miller na wenzake wakaipima hoja hiyo kwa walevi 42. Wengine walikabiliwa kwa hoja na ubishi, wengine wakasikilizwa na kuulizwa. Mwaka mmoja baadaye ilionekana kwamba kadiri mshauri alivyokuwa mkali, ndivyo mtu wake alivyokunywa zaidi. Sisemi kwamba kusikiliza ni muujiza. Tafiti nyingi zilizofuata zinaonyesha faida ya kadiri, kwa wengine ndogo tu. Lakini ukali haukuonyesha hata hiyo ndogo, na ndio tunaoung'ang'ania.

Hata kikao chetu cha mkekani kina ndugu yake ng'ambo. Kasisi mmoja wa Marekani, Vernon Johnson, ndiye aliyekifanya kuwa utaratibu: jamaa wajiandae pamoja, kila mmoja aseme mbele ya mlevi alivyoumizwa, kisha atakiwe kwenda kutibiwa. Mwaka 1999 watafiti walichukua watu 130 wenye jamaa mlevi asiyetaka matibabu, wakawagawa makundi matatu. Katika waliofundishwa kikao cha Johnson, asilimia 30 walifanikiwa kumfikisha jamaa yao kwenye matibabu, na wengi hawakuthubutu hata kukifanya kikao chenyewe. Waliopelekwa kwenye vikundi vya kufarijiana, ambavyo kwa kweli havikuwekwa kwa lengo hilo, walifikisha asilimia 13. Kundi la tatu lilifundishwa kubadili mwenendo wao wenyewe nyumbani: akija mkavu akaribishwe vizuri, akija amelewa waondoke karibu naye bila kelele, na neno matibabu lingojewe mpaka saa ambayo yeye mwenyewe amechoka. Hao walifikia asilimia 64. Utafiti ulikuwa wa pombe, si wa unga, lakini sijaona sababu ya kudhani mwenye unga anapenda kukaripiwa zaidi.

Tuliposhindwa nyumbani tulimpeleka mjomba kwenye kituo kimoja, mbali na mji, ambacho sitakitaja. Siku ya kwanza walimnyoa kipara. Kila asubuhi alisimamishwa katikati ya duara ataje mabaya yake huku wenzake wakimzomea, na akisahau moja anakumbushwa. Sidhani wenye kituo waliwahi kulisikia jina Synanon, lakini mtindo wao una ukoo huko. Synanon ilianzishwa California mwaka 1958 na Charles Dederich, mlevi aliyeacha pombe. Dawa yake kuu ilikuwa mchezo wa kutukanana: watu wanaketi duara na kumvua mmoja wao nguo kwa maneno mpaka avunjike. Huko nako vichwa vilinyolewa. Magazeti yalisifu, wanasiasa wakatembelea, vituo vya nchi nyingine vikaiga. Kufikia 1978 Synanon ilikuwa imegeuka dhehebu, na watu wake wawili wakamtilia nyoka mwenye sumu kwenye sanduku la barua wakili aliyewashtaki. Mwezi Desemba mwaka huo huo polisi walipomkamata Dederich, walimkuta amelewa chakari.

Mjomba alitoka baada ya miezi mitatu, kichwa kinang'aa, anajua kuyakariri mabaya yake kwa mpangilio. Tukafurahi sana. Siku ya nne alivuta na kujidunga kipimo chake cha zamani, peke yake, nyuma ya ukuta wa nyumba ya mgeni iliyofungwa. Jambo hili ningependa kila familia ilijue kabla ya kulipa hata shilingi moja: mtu akikaa wiki kadhaa bila heroini, mwili wake husahau ule ustahimilivu. Kipimo kilichomtosha jana kinaweza kumuua leo, kwa sababu pumzi hupungua, hupungua, hukoma. Aliyetoka kituoni au jela yuko hatarini kuliko aliye maskani, kijiweni kwa watumiaji wenzake, kila siku. Dawa ya kuirudisha pumzi ipo, inaitwa naloksoni, lakini haina faida kwa mtu aliye peke yake. Na mjomba alikuwa peke yake kwa sababu ya haya. Pale maskani angeonwa na wenzake, na habari ingefika nyumbani kabla ya adhuhuri kwamba zile pesa zote zimekwenda bure. Aliokolewa na mtu wa bodaboda aliyekwenda kukojoa.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuwaaibisha ni kuwaamsha, mimi hukumbuka ukuta ule.

Tuna deni jingine kwa upande wa dini, na nalisema kwa adabu, kwa kuwa masheikh wetu na wachungaji ndio washauri wa kwanza wa mji huu, wanaoamshwa usiku na mama aliyeibiwa jiko la gesi. Kiswahili chetu kina neno imani. Kuna imani ya mtu na Mola wake, na kuna imani ya kumwonea mwenzako, ile tunayosema "fulani hana imani hata kidogo" tukimaanisha hana huruma. Neno moja. Kwenye mawaidha ya unga ninayoyasikia, imani ya kwanza imejaa tele na ya pili haionekani. Ilhali hadithi inayojulikana ipo, ya mtu aliyeletwa mara kwa mara mbele ya Mtume kwa kosa la ulevi. Aliadhibiwa, ndiyo, kosa halikuitwa halali. Lakini mmoja wa waliokuwepo alipomlaani kwa jinsi anavyorudiarudia, Mtume alimkataza: msimlaani, kwani yeye anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Mtu yule alikuwa bado anakunywa wakati maneno hayo yanasemwa. Khatibu anayetaka hutuba ya Ijumaa juu ya madawa ana ya mwaka mzima hapo.

Serikali nayo ina mimbari yake, nayo ni marufuku. Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku mugoka, aina ya miraa ya kutafunwa, mahakama ikaingilia, na kwa wiki kadhaa tulijadili malori, ushuru na wakulima wa Embu. Sikusikia mtu akiuliza ni nani atakayezungumza na mtafunaji wa miaka kumi na tano asiyepata usingizi.

Lakini si haki kusema Malindi haijafanya kitu. Mji huu ulikuwa wa mwanzo pwani kuwa na watu waliojitoa kwa kazi hii. The Omari Project, mradi wa kuwahudumia watumiaji wa unga, ulianza hapa katika miaka ya 1990, wakati miji mingine bado inakana kwamba ina unga. Na mwaka 2015, miezi michache baada ya hospitali ya Mathari kule Nairobi, hospitali ya Malindi ilifunguliwa kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini.

Methadoni inabishaniwa barazani mpaka leo: ati ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Dawa hii ilianza kutumika kwa kazi hiyo New York katikati ya miaka ya 1960, na kinachoitofautisha ni muda. Heroini humtawala mtu kwa saa chache tu. Kati ya saa 8 na 24 tangu ya mwisho, arosto, yale mateso ya kuukosa unga, inabisha hodi. Kwanza miayo na machozi, kisha kamasi, ngozi inasimama vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, tumbo linafunguka, miguu inarusha mateke usingizini, kama usingizi upo. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na inamshikilia mtu mpaka kesho yake. Hailevyi ikiwa kipimo ni sawa. Inampa siku nzima isiyo na msako. Wanaoitumia hufa kwa uchache kuliko waliokatiza, na hilo limeonekana nchi nyingi.

Nimeileta kwenye makala ya ushauri kwa sababu hakuna ushauri unaoingia kwenye arosto. Mtu mwenye arosto anasikia mifupa yake. Kumhubiria saa hiyo ni sawa na kumfundisha hesabu mtu anayezama. Wapo washauri wanaodai awe mkavu kwanza ndipo wamwone, na wapo madaktari wanaodhani dawa ikishanywewa kazi imekwisha. Wote wamekata mkeka katikati.

Mjomba alifikaje kliniki? Shangazi zangu wanasema ni dua, nami sibishani na dua. Ila niliona dada yake, yule mwenye nyumba, alichoacha kufanya. Aliacha kuhubiri. Aliacha pia kumpa mia mia za "nauli", ambazo ndizo zilizokuwa huruma ya nyumba ile kwa miaka, na kila mtu alijua nauli ile ilikwenda wapi. Akija macho yanafumba, alimpa chakula mlangoni, akarudi ndani bila neno. Akija mkavu, waliketi wote wawili na mahamri na mbaazi, wakazungumza habari za watu wengine. Hakuna aliyemfundisha. Hajui kusoma hata jina la utafiti wa 1999. Ilichukua karibu mwaka, na asubuhi moja mjomba mwenyewe akauliza ile kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Aliyempokea kwa mazungumzo alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Mjomba anasimulia kwamba aliingia amejikunja, yuko tayari kwa "Nimesikia" yake. Yule binti alisimama akamwambia: "Shikamoo." Mjomba anasema alitazama nyuma kuona ni mzee gani ameingia. Hakukumbuka lini mara ya mwisho aliamkiwa. Watoto wa mtaani walikuwa wameshamtoa kwenye orodha ya wanaoamkiwa, na hata sisi wapwa tulikuwa tunasema tu "vipi". Akajikuta amejibu marahaba, na anasema baada ya marahaba hakujua tena jinsi ya kumdanganya.

Kisha binti akamuuliza kitu ambacho katika miaka thelathini hatukumuuliza: unga unakufaa nini? Sisi tulikuwa tumekwisha kumweleza unamdhuru nini, kwa kirefu, mimi hasa. Akaeleza. Ilimchukua siku tatu kueleza, na katikati ya maelezo yale yalitoka mambo ya utotoni ambayo si yangu kuyaandika.

Hapa nitasita kidogo, kwa sababu siri ndiyo mgogoro mkubwa wa kazi hii katika mji kama wetu. Malindi ni ndogo. Mshauri ni binamu wa mkeo, au anaswali nyuma yako, au mama yake anauza vitambaa na mama yako. Mtu mzima akitamka jambo zito chumbani, lazima ajue halitamtangulia kufika nyumbani. Ufunge mlango basi? Ukiufunga mshauri mwanamume na mwanamke ndani, umeleta mengine. Mji mzima utajua walikaa humo dakika ngapi. Ndiyo sababu moja wanawake wanaotumia hawaonekani kwenye huduma, na tunajidanganya kwamba ni wachache. Ninachokiona kinafaa ni kuajiri washauri wanawake wa kutosha, na kuweka kiti mahali panapoonekana lakini hapasikiki: uani chini ya mwarobaini, wapitao wanawaona na hawapati neno. Hili halihitaji wafadhili kutoka ng'ambo. Linahitaji mtu wa kaunti aliyefikiri kwa dakika kumi. Sheria ya washauri na wanasaikolojia tunayo tangu 2014. Ajira na mishahara inayofika kwa wakati ndiyo shida, na mshauri asiyelipwa miezi miwili huruma yake huisha kama ya mtu yeyote.

Wanaosema huruma ni ulaini waje wasikie maswali ya yule binti. Mjomba alikuwa mtu wa ufuoni, wa kuwatembeza Waitalia. Wageni wakija kuanzia Disemba anapata pesa. Mvua za Aprili zikiingia, hoteli zinafunga na mifuko inakauka. Sisi siku zote tulidhani hatari ni ukata. Binti alimuuliza: msimu ukifunguka, noti ya kwanza utaiweka mkononi mwa nani? Mjomba alikasirika, akaona anatiliwa shaka. Binti hakurudi nyuma, wala hakumjibia. Walikaa kimya. Mwisho mjomba alisema pesa zishikwe na dada yake, na kwa kuwa alilisema yeye, alilitekeleza, kwa sehemu kubwa.

Katika kazi hii wote wanajua mtu huteleza. Kiasi cha nusu ya wanaotibiwa hurudi kutumia wakati fulani, kiwango kisichotofautiana sana na wagonjwa wa presha wanaoacha masharti yao. Mwanasaikolojia Alan Marlatt alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mara ile moja siyo inayomwangusha mtu, bali anachojiambia baada yake: nimeharibu, basi niharibu yote. Na maneno hayo, tukiyasikiliza vizuri, yana sauti yetu sisi wa mkekani.

Wiki ya saba mjomba aliingia, akajibu salamu, akasema mwenyewe kabla hajaulizwa: "Jumamosi nilivuta." Alikuwa amejikunja tena. Binti hakusonya. Aliuliza ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, nini kilitangulia. Kisha akauliza, "Na Jumapili?"

Mjomba alitafuta. Jumapili hakuvuta. Alikwenda ufuoni kumsaidia rafiki yake kutia mashua kalafati, wakala samaki, akarudi kulala.

"Haya, nieleze hiyo Jumapili," binti akasema, akafungua ukurasa mwingine.